Mkono wa Kulia wa Jafari

Mkono wa kulia wa mume wangu Jafari ulikufa akiwa shambani anapalilia maharage, na tangu siku hiyo mama yake ananichukia kana kwamba niliukata mimi. Kila asubuhi aliukanda kwa mafuta ya nyonyo huku akinikata jicho, akisema wazi kwamba mwanawe amefungwa na mtu wa humu humu ndani. Mkono ule sikuulilia hata chozi moja. Ndio ulioning'oa jino.

Lightness, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka Lushoto, alipofika kwetu Malindi, kijiji cha huko huko milimani, alimwamkia mama mkwe shikamoo, kisha akaiweka kando ile chupa ya mafuta.

“Mama, mkono huu hauumwi,” alisema. “Kiharusi kimempiga kichwani, upande wa kushoto. Amri ya kuusogeza inatoka huko kwenye ubongo, inashuka na mishipa ya fahamu, inavukia upande wa pili, inapita uti wa mgongo hadi vidoleni. Sasa njia imekatika huko juu. Akifanyishwa mazoezi kila siku, ubongo unaweza kujifunza njia nyingine.”

“Mkewe si huyu hapa?” mama mkwe akadakia. “Akikataa, kijiji kizima kitajua nani mchawi.”

Nikamgeukia Lightness. “Kwa hiyo, dada, mkono haujiendei wenyewe?”

“Labda ukigusa moto, hapo unaruka kabla hujafikiri.”

“Na ukimpiga mtu?”

Alinitazama mdomoni. “Hapana. Hiyo inaanzia kichwani. Mkono unatii tu.”

Jafari aliinamisha uso. Kila nilipowapelekea wazee uvimbe wangu, aliwaambia mkono ulimponyoka, nao wakanirudisha nyumbani. Nami, mjinga mimi, niliamini. Miaka yote niliuogopa mkono, nikamhurumia mwenyewe.

Lightness akanielekeza. Nikavikunjua vile vidole kimoja kimoja, halafu akamwambia Jafari ajaribu. Alikaza uso mpaka jasho likamtoka. Kidole cha shahada kikatikisika. Mama mkwe akapiga vigelegele.

“Mwana... mwema,” Jafari aliniita jina langu kwa ulimi mzito. “Tena.”

Niliuinua ule mkono, nikauweka mapajani mwa mama yake.

“Mkunjue vidole hivyo hivyo, mama, polepole,” nikasema. “Mkono utapona. Kichwa ni kile kile. Mimi nashuka bondeni Mombo leo, na sirudi.”