Mafungu Matatu Yaliyobaki

Msusi anaweza kumaliza vichwa kumi kwa siku, lakini kisogo chake mwenyewe hakioni mpaka atafute vioo viwili. Ndiyo maana wasusi wengi huenda wawili wawili. Jumatatu, wateja wanapokuwa haba, mmoja anakaa anasukwa na mwingine anasimama, kisha wanabadilishana. Hakuna anayesema ahsante. Ni kama watu wawili wanaokunana mgongo.

Msusi wetu huyu alikuwa na mwenzake waliyemwita Vidole. Walikaa miaka kumi na tisa katika chumba kimoja chenye viti viwili, sinki moja na dirisha linalotazama barabara. Vidole alikuwa na mdomo kama cherehani, ila mkono wake ulikuwa mwepesi hata watoto walisinzia akiwasuka. Kisha binti yake akamwita mji mwingine akamsaidie kulea. Aliondoka na sanduku moja, akaacha chanuo lake la mbao kwenye ndoano karibu na kioo. Alisema atalirudia.

Wiki sita baadaye bega la kulia la msusi likagoma. Daktari alisema limeganda, litaachia likipenda, labda mwaka. Mkono ulifika usawa wa kidevu, ukaishia hapo. Wateja aliwakalisha kwenye kigoda kifupi, akawasuka mikono ikiwa chini, na hakuna aliyegundua kitu. Kichwa chake yeye alikifunga kilemba.

"Siku hizi unapendeza na vilemba, mama," walimwambia.

"Uzee unataka mapambo," alijibu, nao wakacheka.

Mwezi wa nne wa vilemba ukaingia. Chini ya kile kilemba nywele zilikuwa zimeshikana kama zulia. Na zilikuwa za kipilipili hasa, zile ngumu kabisa, ambazo ukizinyoosha kwa kidole zinafika begani na ukiziachia zinarudi sikioni kabla hujapepesa. Kwa miaka yote aliwafundisha watu kwamba nywele haziogeshwi kwa mazoea. Za mawimbi hushiba upesi, tone la mafuta mepesi linatosha. Za pete zinataka maji kwanza, mafuta baadaye, kisha uziache zijikunje zenyewe. Lakini kipilipili, alikuwa akisema, hunywa na kusahau kwamba amekunywa. Umwagie maji, umpake mafuta mazito, umgawe mafungu madogo, na umfungue kwa vidole kuanzia nchani, kama unavyofungua mlango wa nyumba yenye mgonjwa.

Alijaribu kwenda saluni ya mtaa wa pili. Binti wa huko alizitia chanuo zikiwa kavu, zikakatika kwa sauti. "Mama, hizi tutie dawa au tunyoe," alisema bila ubaya wowote. Msusi alirudi nyumbani na kiganja kilichojaa nywele, akakitazama mezani mpaka chai ikapoa.

Akakata shauri. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kinyozi, jirani wa siku nyingi. Alimwambia Jumamosi, saa nane mchana, amnyoe zote.

"Zote zote?" kinyozi aliuliza. "Msusi mwenye kipara, mama? Si ni kama mwokaji asiye na jiko?"

"Wewe noa mashine yako."

Alijibu kwa mzaha, lakini moyoni ilimkaa. Mumewe alishatangulia zamani, watoto hakujaliwa. Dunia nzima, mahali pekee ambapo mkono wa mtu ulimgusa ni kichwani, tena kwa sababu za kazi. Akinyoa, hata hiyo sababu itakwisha. Hilo hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Jumamosi yenyewe ilianza na mvua, na mvua hufukuza wateja wa nywele kuliko kitu kingine chochote. Saa nne na nusu mlango ukafunguka, akaingia mwanamume mwenye mvi, koti limelowa mabegani, mkononi mfuko wa kitambaa wenye chupa zinazogongana. Msusi alimjua kwa sura. Alikuwa fundi saa, mwenye kibanda karibu na posta.

"Dada, habari za kazi. Sikuja kusukwa."

"Nimeona," alisema msusi, akitazama kipara chake cha katikati. "Ningeanzia wapi?"

Akatabasamu kidogo, akapanga chupa juu ya meza moja moja, kama anapanga vipuri. Mafuta ya maji, ya kupuliza, ya kulainisha, kitana cha meno mapana, kitambaa laini cha kulalia. Mke wake alifariki miezi miwili iliyopita. Miaka mitatu ya mwisho mikono yake haikuweza kunyanyuka, hivyo kichwa kilikuwa kazi yake yeye fundi saa.

"Kutupa siwezi. Nikaona nikuletee, huenda zikamfaa mtu."

"Zitamfaa wa nywele gani?" Aliuliza kumjaribu tu. Wanaume waliomletea vitu vya wake zao kwa kawaida hawakujua hata shampuu ni ipi.

"Mawimbi mapana," alisema bila kusita. "Laini. Ukizivuta zinarudi polepole, kama mtu asiyetaka kuamka. Ukizidisha mafuta zinalala kichwani kama paka aliyenyeshewa. Matone matatu, basi. Nachana kuanzia chini kwenda juu, halafu nazilaza mpaka begani."

Msusi aliacha kupangusa kioo. "Nani alikufundisha?"

"Yeye. Alikuwa akilia nikikosea."

Msusi alitaka kuweka chupa juu ya rafu. Akainua mkono wa kulia, ukakwama kidevuni, akahamishia mzigo mkono wa kushoto haraka. Lakini mtu aliyetumia maisha yake kutazama gurudumu dogo kama punje ya mtama haoni mambo nusu nusu.

"Bega?"

"Limelala."

"Sasa nani anakusuka wewe?"

Kwa miezi minne wateja walikuwa wamesifia vilemba. Swali lile hakuna aliyeliuliza. Msusi akageukia dirishani, akaona kinyozi ng'ambo akipangusa kiti chake.

"Nanyoa leo," alisema. "Saa nane."

Fundi saa akatazama mikono yake. "Hii hapa haina kazi," akasema. "Asubuhi inaamka kabla yangu, haijui iende wapi. Ukiniruhusu."

"Hujui kichwa changu, kaka."

"Na saa huwa siijui mpaka niifungue."

Msusi hakujua kwa nini alikubali. Labda ni mvua. Alikaa kwenye kigoda cha wateja wake mwenyewe, akafungua kilemba, akafumba macho asione uso wa mtu akiona.  Fundi saa alivuta kiti akakaa nyuma yake.

Akaanza vibaya. Alipuliza maji kama umande, akatia matone yake matatu, akashika fungu kubwa kama mkate na kupitisha kitana. Kitana kikanasa, kikakataa kwenda mbele na nyuma.

"Wa kwako alikuwa akilia hapa?" aliuliza msusi, machozi yanamlenga.

"Hapa alikuwa ananitukana."

"Basi jihesabu umetukanwa. Toa kitana. Maji, mengi, mpaka yachuruzike shingoni. Gawa mafungu manane. Mafuta chukua kwenye kopo lile la mgando, mepesi yako hayafiki mlangoni. Vidole tu. Mimi sina mawimbi, mimi zangu zinajikunja."

Fundi saa akavuta unywele mmoja, akauachia. "Kama utepe wa ndani ya saa," akasema. "Ukiulazimisha unakurukia usoni."

"Umenielewa."

Tangu hapo akawa mwepesi. Alifungua vifundo kimoja kimoja, akasokota fungu la kwanza, la pili. Maji ya vuguvugu yaliteremka nyuma ya masikio ya msusi. Mvua ilipiga bati. Kwa mara ya kwanza tangu Vidole aondoke, bega lake lilishuka lenyewe bila kuambiwa.

Ndipo alipofumbua macho, akaona kwenye kioo. Kila alipomaliza msokoto, mkono wa yule mtu haukuishia pale nywele zilipoishia, chini kidogo ya sikio. Uliendelea. Uliteremka shingoni, ukapita hewani mpaka begani, taratibu, ukilaza kitu ambacho hakikuwepo. Fungu la tatu hivyo hivyo. Fungu la nne. Na kwa sauti ndogo, ya mtu asiyejisikia, alikuwa akisema, "Karibu tunamaliza, mama watoto. Karibu."

Msusi hakusogea. Angeweza kukohoa, angeweza kutania. Lakini alikaa kimya kama maji mtungini, akamwachia mwanamke asiyemjua kichwa chake, kwa sababu ule mkono, hata kama ulitumwa kwa mwingine, ulikuwa na joto.

Fungu la tano lilipokwisha, mlango ukasukumwa. Kinyozi, na mwavuli. "Mama, saa nane inapita, mashine imesha—" 

Fundi saa akashtuka kama aliyeamshwa. Akaona mkono wake umetulia begani mwa mtu, akauondoa. Akatazama kichwa kile: misokoto mitano mifupi, mafungu matatu bado yameshikana.

"Samahani," alisema. "Nimekosea kichwa."

Akachukua koti lake likiwa bado lina unyevu, akatoka bila mfuko. Walimwona akivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto.

"Twende basi?" kinyozi aliuliza taratibu.

Msusi aligusa msokoto mmoja kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa umebana sawasawa, mwisho umezungushwa vizuri. "Siyo leo."

"Na hivyo nusu nusu?"

"Nitafunga kilemba. Si napendeza?"

Wiki hiyo ilikuwa ndefu kuliko miezi minne yote. Usiku alilala upande wa misokoto mitano, mchana mafungu matatu yalimwasha. Jumatatu chumba kikawa kitupu kama kawaida ya Jumatatu. Alikaa kwenye kigoda, chanuo la Vidole likamtazama kutoka kwenye ndoano. Jumatano alipita karibu na posta. Kibanda kilikuwa wazi, fundi saa ameinama na kioo chake jichoni. Hakumwita. Mtu hawezi kusimama mtaani akaomba kuguswa kichwa.

Chupa za marehemu alizifuta vumbi, akazirudisha mfukoni. Hakumpa mteja yeyote.

Jumamosi mvua haikunyesha. Wateja walikuja wanne, wakaondoka. Saa nane ikafika, kinyozi akatokeza mlangoni kwake ng'ambo, akainua mabega kumwuliza. Msusi akatikisa kichwa. Saa tisa kinyozi akainua tena. Safari hii msusi hakutikisa. Alichukua mkoba, akalishusha pazia, akashika kitasa.

Mlango ukafunguliwa kutoka nje. Fundi saa alikuwa amesimama, mikono mitupu.

"Yamebaki mangapi?" aliuliza.

"Matatu."

"Nilidhani umeshanyoa."

"Na mimi nilidhani umeshapona."

 Fundi saa alinawa mikono sinkini muda mrefu, akachukua kopo la mgando mwenyewe, akajaza chupa ya maji mpaka juu. Msusi akakaa kwenye kigoda, akafungua kilemba. Safari hii hakufumba macho.

 Fungu la sita lilikuwa gumu kuliko yote, likachukua karibu saa nzima. Alilifungua, akalisokota, kidole juu ya kidole, mpaka chini kidogo ya sikio. Msusi akasubiri ule mkono uteremke shingoni.

Haukuteremka. Ulifika mwisho wa msokoto, ukasimama papo hapo. Akasikia fundi saa akivuta pumzi, ndefu, ikitetemeka njiani.

"Zinaishia hapa," alisema.

"Hapo hapo, kaka."

Fundi saa akaiachia ile ncha. Kisha akalowesha fungu la saba.