Bei ya Pikapu ya Marehemu

Muuzaji wa kwanza nilimpiga kichwa. Sikupanga. Nozeli, mume wa dada yangu, ni fundi wa injini za dizeli, na alikuwa amenionya mapema: gari la dizeli ulikute limelala usiku kucha, uliwashe mwenyewe likiwa baridi, usikilize linavyoamka. Likiamka kwa tabu, achana nalo. Muuzaji yule aliniapia kaburi la mama yake kwamba gari halijawashwa tangu juzi. Nikafungua boneti, nikaweka kiganja kwenye injini, nikakitoa haraka kabla hakijaungua.

"Ni mama yako aliyeliwasha?" nikamuuliza.

Akacheka. Kicheko hakikufika mwisho. Alikuwa chini, pua inamwaga damu kwenye shati, na mimi paji la uso linanigonga kama ngoma.

"Shemeji," Nozeli aliniambia tulipofika barabarani, "tumekuja kununua gari au kesi?"

Mimi ni mwanamke wa kuchomelea mageti. Mikono yangu ina makovu ya cheche mpaka kwenye viwiko, na mwanamume wa kunitisha sijamwona bado. Lakini wiki hizo maji yalikuwa shingoni. Mvuta mkokoteni alikuwa ameniangushia geti la mteja mtaroni, likapinda, mteja akalikataa. Nilimfukuza yule mvuta mkokoteni na kipande cha nondo mpaka akapotelea kwenye magari. Haikunisaidia kitu. Kisha shule moja ikanipa kazi ya mageti na madirisha yote, kazi ya kunitoa kimaisha, kwa sharti moja: niwe na usafiri wangu ifikapo Jumatatu. Bila hivyo kazi ingekwenda kwa jirani yangu, mwanamume ambaye kuchomelea kwake ni kubandika tu. Nilikuwa na pesa ya gari la kawaida, na pembeni pesa ya vyuma vya shule, ambayo niliapa sitaigusa.

Gari la pili lilikuwa limepakwa rangi juu ya kutu. Nozeli alichoma chasisi kwa bisibisi, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Muuzaji aliona ninavyomtazama, akaondoka mwenyewe.

La tatu lilikuwa pikapu ya mjane mmoja, nyumba ya vyumba viwili yenye ua na geti la mabati. Alitupokea asubuhi, watoto wake wakiwa wamekwenda shule, beseni la nguo liko kwenye sakafu ya ua. Injini ilikuwa baridi kama jiwe. Niliwasha. Ikashika mara moja, ikatulia. Nozeli akafungua mfuniko wa oili injini ikiwa inanguruma, akaweka kiganja juu ya tundu, hakuna moshi wa kukisukuma, dalili kwamba injini haijachoka. Akakanyaga mafuta, nyuma ukatoka moshi mwepesi ukapotea. Nozeli hasifii gari la mtu. Alinikonyeza. Nikazima, nikamrudishia mjane ufunguo.

Bei ndiyo ilinivunja nguvu. Alichotaka kilikula pesa yangu yote ya gari pamoja na ile ya vyuma.

"Dada, punguza kidogo," nikasema.

"Haipungui. Mume wangu amekufa, na ndugu yake hanipi usingizi, anasema gari ni la ukoo. Kadi ina jina langu. Nikiuza nahama na wanangu kesho. Pesa hiyo ndiyo nauli, ndiyo kodi ya mwanzo, ndiyo chakula."

Hatukuendelea. Geti lilipigwa teke likagonga ukuta. Shemeji yake huyo aliingia na mtaimbo mkononi, jitu la mabega, halikusalimia mtu.

"Nani amekuruhusu kuuza gari la kaka yangu?"

"Ni langu," mjane akasema.

Alimpiga ngumi ya mdomo. Nilisikia meno yakigongana. Yule mama alianguka juu ya beseni, maji ya sabuni yakamwagika yakiwa mekundu, na kabla hajajizoa jamaa akampiga teke la mbavu, kisha la pili. Nozeli akanishika mkono wa shati.

"Shemeji, hayo ni mambo ya ukoo. Tusiingie."

Alinishika kwa vidole viwili tu. Mimi, niliyempasua mtu pua kwa sababu ya injini ya moto, nilikaa nimeshikwa na vidole viwili. Mjane alikuwa ananitazama kutoka sakafuni. Nikatazama gari.

Jamaa naye akaligeukia. "Kama si letu, basi si la mtu," akasema, akauzungusha mtaimbo. Kioo cha mbele kikamwagika kwenye viti.

"Kioo cha mtumba kinapatikana," Nozeli akaninong'oneza.

Taa ya kulia ikaenda. Ya kushoto ikafuata.

"Taa nazo si kitu."

Nilifurahi. Sina namna nyingine ya kulisema. Kila kishindo kilinisogezea lile gari, na moyoni nilikuwa namhimiza yule mshenzi: gonga na mlango, mlango nitaunyoosha mwenyewe. Akaugonga mlango. Akatoboa ubavu wa bodi. Nikaona pesa yangu ya vyuma inarudi mfukoni, naona na mageti ya shule yamesimama.

Kisha akafungua boneti.

"Pampu," Nozeli akasema. "Akivunja pampu ya dizeli, hilo si gari tena, ni chuma chakavu."

Sikumbuki kuuvuka ule ua. Nakumbuka nimemrukia mgongoni, nimemuuma sikio mpaka nikaonja chumvi, mtaimbo umelia chini. Alinipiga kiwiko cha tumbo, pumzi ikakata. Akaegemeza mkono kwenye injini ajiinue. Nikaishusha boneti kwa uzito wangu wote. Mfupa ulivunjika, nikausikia. Alilia kama ndama. Nikaifungua, akadondoka, nikaokota mtaimbo na kumpiga nao gotini, nikamrudia, ningemrudia tena kama Nozeli hangenikumbatia kwa mikono yote miwili na kunivuta nyuma. Jamaa akatoka kwa kujikokota, mkono ameubeba kama wa mtu mwingine, anatutukana mpaka nje.

Nikafuta damu mdomoni. Kichwa kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa.

"Dada," nikasema, "pole sana. Ila gari umeliona hali yake. Kioo hakuna, taa hakuna, mlango umebonyea. Tupunguziane."

Mjane alikuwa ameketi kwenye maji ya sabuni. Aliingiza vidole mdomoni, akatafuta kidogo, akatoa jino, akaliweka kiganjani akanionyesha.

"Kioo umekitoa kwenye bei. Taa umezitoa, mlango umeutoa," akasema, maneno yanamtoka kwa shida. "Na hili unalitoa, au unaliongeza?"

Nozeli akatazama pembeni.

"Nilipokuwa chini nilikutazama wewe. Nikasema, yule mwanamke ana mikono, yule ataniinua. Ukaja, kweli ulikuja. Ulikuja alipofika kwenye injini."

Nilitoa mfuko wa pesa ya gari, nikatoa na ule wa vyuma, nikaiweka yote miwili mbele yake.

"Shemeji, na vyuma vya shule?" Nozeli akauliza taratibu.

Mjane alijiinua mwenyewe kwa kushika ukuta. Nilinyoosha mkono, akaupita. Aliingia ndani na pesa, akarudi na kadi na ufunguo, akanipa. Nilibaki nimesimama pale kwenye vipande vya vioo, nangoja, labda neno, labda anitukane nipumue.

"Hiyo pesa ni ya gari tu," akasema. "Washeni mtoke."