Bega la Kuegemea Kamera

Mtaani walimwita Tulia, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Miaka thelathini ya kupiga picha, na neno lake la kwanza kwa kila mteja, awe bwana harusi au mtoto anayelilia pipi, lilikuwa hilo hilo: tulia. Albamu za nusu ya mji zilijaa kazi ya mikono yake. Yeye mwenyewe sasa, umtafute humo kwa tochi, humwoni. Picha yake ya mwisho na mama yake alipigwa akiwa na miaka saba, na hiyo nayo ililiwa na mchwa.

Ndiyo maana Jumapili ile alikuwa ameipania. Binti yake alikuja kumwonyesha mjukuu wa miezi miwili, na saa kumi jioni angeondoka na mumewe kurudi kwao, safari ya siku mbili. Bibi, yaani mama yake Tulia, alikuwepo pia, wiki ya pili tangu atolewe mtoto wa jicho. Vizazi vinne, sebule moja. Tulia alitaka picha moja tu, na yeye awemo, ameketi ubavuni mwa mama yake.

Kazi ikawa, nani apige? Flashi haikufaa, maana jicho la bibi lilikuwa bado bichi, na kutoka juani daktari alikataza. Kwa hiyo ni humo humo ndani, kwa mwanga wa dirisha, na mwanga mdogo unataka mkono usiocheza hata kidogo. Stendi ya miguu mitatu ilikuwa imebaki na miwili. Kuitegesha kamera ipige yenyewe hakutaka hata kusikia, kwa sababu kamera haijui mtoto mchanga atafumbua macho saa ngapi. Mkwe naye angefika na gari saa ya kuondoka tu. Akabaki mume wa Tulia.

Mume huyo alikuwa mtu mwema, hana neno na mtu. Lakini alikuwa ameendesha tingatinga miaka ishirini na sita, na mtetemeko wa ile mashine ulishahamia mikononi mwake. Akishika kikombe cha chai, kisosi kinaanza kupiga soga.

Basi wiki nzima kabla ya siku hiyo, kila jioni akitoka kazini, alikuta darasa linamsubiri.

"Mkono wa kushoto uko chini ya lenzi, ndio unaobeba," Tulia alimwambia. "Wa kulia kazi yake kubonyeza tu. Viwiko vibane mbavuni."

"Vimebana."

"Vimebana wapi, baba watoto? Hapo kati anapita mbuzi."

Akabana. Akatanua miguu, mmoja mbele, mmoja nyuma. Akaambiwa avute pumzi, atoe nusu, kisha abonyeze polepole kama anayemfunika mtoto shuka. Yeye akaizuia pumzi yote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akabonyeza kama anakanyaga breki. Picha ikatoka, kila mto wa kochi una pacha wake. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo, Jumatano bora tusiiseme.

Alhamisi Tulia alisimama karibu naye kuona anakosea wapi. Mwanamume wa watu, kwa uchovu tu, akauegemeza mkono kwenye bega la mkewe. Tulia ni mfupi, bega lake likafika pale pale kiwiko kinapotaka. Akabonyeza. Picha ikatoka safi, hata nyuzi za kochi ungezihesabu.

"Hebu rudia," Tulia alisema.

Akarudia mara kumi, na mara kumi zikatoka safi. Jioni hiyo walikula wakicheka wenyewe kwa wenyewe. Ijumaa na Jumamosi wakafanya mazoezi ya bega tu. Na hakuna hata mmoja kati yao, watu wazima na akili zao, aliyejiuliza swali ambalo mtoto wa chekechea angeliuliza.

Jumapili ikafika. Tulia alifunika kwa shuka mlango wenye kioo cha kujitazamia wa kabati kubwa la sebuleni, kama alivyofanya kila alipoenda kupiga picha majumbani, maana kioo na mpiga picha hawapatani. Bibi akaketishwa kwenye kiti akitazama kabati, kitukuu mapajani, mama wa mtoto nyuma yao. Tulia akavuta kigoda, akakaa ubavuni mwa mama yake, akalinyoosha gauni. Mtoto alikuwa macho.

Mumewe akasimama mbele yao, akainua kamera. Kiwiko kikatoka taratibu kwenda kutafuta bega, kikakuta hewa.

"Bega liko wapi?" akauliza.

"Liko huku," Tulia alijibu, "limekaa."

Binti yao alicheka mpaka akajishika tumbo. Baba alijaribu hivyo hivyo, na pacha wa mito wakarudi. Akaegemea kiti, kikawa kifupi. Akarudi nyuma aegemee kabati, akalivuta shuka likaanguka, na picha ikatoka imetetemeka vile vile. Nje mkwe akapiga honi mara ya kwanza, kisha ya pili.

Tulia akainuka. Iliuma, na asingedanganya mtu kwamba haikuuma. "Nitasimama mimi," alisema. "Nyinyi kaeni hivyo hivyo, mpigwe."

"Na yule bibi kizee mle ndani ni nani?" mama yake akauliza ghafla.

Wote wakageuka. Bibi alikuwa anaonyesha kioo cha kabati.

"Ni wewe, mama," alisema Tulia.

"Mimi? Nimezeeka hivyo na hamkuniambia." Bibi akazidi kutazama. Miaka minne jicho lile lilikuwa haliwezi kuvuka sebule. "Mtoto namwona. Mjukuu wangu namwona. Na wewe mwanangu nakuona, umesimama hapo umenuna. Sote tumo mle. Kwani kamera yenu haioni ninachokiona mimi?"

Tulia akalitazama shuka pale sakafuni. Miaka thelathini ya kufunika vioo vya watu.

Akamvuta mumewe haraka, akamsimamisha ubavuni mwa kiti cha bibi, uso kwa kioo. "Usilenge kioo chenyewe, lenga macho ya mama yaliyomo mle," alimwambia. Kisha akasogea chini ya kiwiko chake, na mkono wake mmoja akampa mama yake. Bibi akaukamata, akaubana kwa nguvu ambazo hazikuwa za umri wake.

Hapo ndipo Tulia alipoanza kulia, kimya kimya, bila kutaka.

"Mama watoto, bega linacheza," mumewe alisema, jicho liko kwenye kamera. "Kiwiko mbavuni. Vuta pumzi. Haya, toa nusu."

Tulia akavuta pumzi. Akatoa nusu, akaishikilia iliyobaki.

Mumewe akabonyeza polepole, kama anayemfunika mtoto shuka.