Uso wa Winifred

Dada yangu Adelia alichukia picha inayoonyesha kila kitu. "Hiyo kazi ya polisi," alikuwa akisema. Yeye alitaka sanaa. Alimweka binti yake Winifred dirishani, akaivuruga lenzi makusudi ili picha isitoke kali, kisha akakaa siku nzima na kile kioo ambacho picha hunaswa juu yake kabla ya kuchapwa, akiukwangua uso wa mtoto kwa sindano na kuusugua kwa unga wa penseli hadi ukabaki ukungu mtupu. Vioo vyote vya mtoto alivifanya hivyo. Hapa Toledo watu walicheka. Kule Philadelphia waliitundika picha hiyo kwenye maonyesho na kuipa nishani.

Shemeji yangu Warren, muuza mbegu, hakuishiwa utani. "Mke wangu, huyu mwanangu au mvuke wa birika?"

"Kauze figili zako," Adelia alimjibu. "Ukitaka kumwona mwanao, si huyo hapo mezani anamwaga maziwa?"

Jibu hilo lilitutosha sote.

Februari ya mwaka 1904 dondakoo likamchukua Winifred. Watu wa afya walibandika karatasi ya karantini mlangoni, wakamzika upesi, jeneza likiwa limefungwa. Hata ile picha ya maiti ambayo kila nyumba hapa hupiga kabla ya mazishi, sisi tulinyimwa.

Karatasi ilipobanduliwa, Warren akasema, "Adelia, nipe picha ya mtoto. Yenye macho."

Dada aliingia chumba cha giza alimosafishia picha, nikasikia vioo vikigongana. Alitoka na kile cha nishani.

"Sindano iliondoa, sindano itarudisha," alisema, akaketi dirishani.

Nilijua anajidanganya. Kilichokwanguliwa kwenye kioo hakirudi. Atakachoweka ni cha kuchora tu. Nilimhurumia, na nilimkasirikia vilevile.

Aliinua sindano, akasita. "Ile alama yake ya kuzaliwa ilikuwa shavu gani?"

"La kushoto," Warren akasema.

"Mbona mimi nakumbuka la kulia?"

"La kushoto, Adelia. Nilikuwa nambusu hapo."

"Alikuwa amekuelekea. Kushoto kwako au kwake?"

Warren aligusa shavu lake la kushoto, kisha la kulia. Wakanigeukia mimi, mama yake mdogo, niliyemwogesha mtoto yule tangu azaliwe. Nikafumba macho nimtafute.

Nilichokiona ni ile picha ya ukungu.