Msindikizaji wa Lori Jeupe

Asilimia kumi na moja. Namba iliwaka nyekundu mbele ya usukani, na dereva wa lori jeupe la umeme alikuwa ameikodolea macho kana kwamba akipepesa tu itashuka tena. Kiyoyozi alikizima tangu asubuhi ili kisile chaji. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Dada yake, ambaye madereva wote walimwita Mama Gia, alikanyaga ngazi ya mlango akachungulia ndani.

"Umebeba tani ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Na siku ya majaribio lilibeba ngapi?"

"Kumi." Akajifuta jasho. "Niliwaambia, dada. Wakasema mimi kazi yangu ni kushika usukani."

Mbele yao palikuwa na kituo cha kuchajia: nguzo nne mpya, paa la bluu, na utepe wa uzinduzi uliopauka kwa jua. Mlinzi aliyekuwa amejilaza kivulini alisema umeme haujafika. Transfoma ililetwa siku wageni walipokuja kuzindua, ikapigwa picha, jioni yake ikapakiwa tena ikaondoka. Aliyasema hayo bila hata kuinuka.

Mama Gia alirudi kwenye lori lake la dizeli, aliloliita Bibi, lenye umri sawa na bintiye wa kidato cha nne. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kusindikiza. Kila lori jeupe lilipotoka, moja la dizeli lililifuata kwa umbali wa dakika kumi, tupu, likiwa na mnyororo chini ya kiti. Kwenye karatasi za kampuni msindikizaji hakuwepo.

Pikapu ya meneja ilifika ikitimua vumbi. Meneja hakuuliza kilichotokea. Alitazama saa, akatazama mlima ulio mbele, kisha akamgeukia Mama Gia.

"Mama, livute mpaka kileleni. Kuteremka litajichaji lenyewe, litafika."

Alimjibu kwamba Bibi amezeeka, na lile jeupe na mzigo wake ni tani zaidi ya arobaini. Mnyororo ukikatika kwenye kona, aliyeko nyuma ni mdogo wake.

"Wageni wanatusubiri saa tisa," meneja alisema. "Lori lisipofika, mkataba umekufa, na sisi sote tumekufa nao."

"Likifika, je? Sisi madereva sita wa dizeli tutakwenda wapi?"

"Wewe nimekuweka kwenye mafunzo ya haya ya umeme. Jina lako ninalo hapa." Akagusa mfuko wa shati.

Mama Gia aliutazama ule mfuko. Kisha akainama, akautoa mnyororo.

Walipanda kwa gia ya kwanza. Miaka kumi na sita ya njia hiyo ilikuwa imemfundisha kila kona kwa makalio, lakini hakuwahi kuipanda na mzigo kama nyumba nzima nyuma yake. Mshale wa joto uliacha katikati, ukaenda ukingoni, ukagusa nyekundu. Akafungua hita ili kuipunguzia injini joto. Hewa ya moto ikampiga miguuni. Kwenye kioo hakumwona mdogo wake. Aliona moshi wake mwenyewe tu, mweusi, mzito, ukilifunika lile lori jeupe kama shuka.

Kona ya tatu mnyororo ulilegea, kisha ukavutika kwa kishindo. Bibi akatikisika. Mama Gia akasikia sauti ikitoka kooni mwake, wala hakujua amesema nini. Mnyororo ulishika.

Kileleni alizima injini, na rejeta ikaendelea kutokota peke yake. Mdogo wake alishuka akikohoa, macho mekundu, meno tu ndiyo meupe. Alimshika dada yake mkono.

Meneja alikuwa akilizunguka lori jeupe. Uso wote wa lori, kuanzia kioo hadi bampa, ulikuwa umejaa masizi. Akachomoa kitambaa kwenye pikapu, akampa Mama Gia, si mdogo wake.

"Harakisha, mama."

Alifuta. Alifuta taa, akafuta kioo, akafuta maneno ya bluu ubavuni yaliyosema SAFARI SAFI. Alipomaliza, meneja alimpa na karatasi aisaini juu ya boneti: gari lake halikutoka yadi siku hiyo, lilikuwa kwenye matengenezo. Alama za vidole vyake vyeusi zilibaki pembeni mwa saini. Meneja alikunja uso, akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko uleule.

Lori jeupe liliteremka kimya, likapata chaji kidogo, likaila karibu yote kwenye tambarare, likaingia mwisho wa safari likiwa na asilimia nne. Mama Gia alifika baadaye, akaambiwa asubiri nyuma ya ghala. Kutoka huko alisikia makofi. Alisikia mgeni mmoja akiuliza kama kweli lori limekuja bila msaada wowote, na mdogo wake akijibu ndiyo.

Wageni walipoondoka alitoka kwenda kunawa. Pembeni ya bomba, kwenye ubao wa matangazo, palikuwa na orodha ya madereva wa dizeli ambao mwezi huo ungekuwa wa mwisho kwao kazini. Tarehe ya kuchapwa ilikuwa ya wiki iliyopita. Jina lake lilikuwa la kwanza.

Alikuwa bado amesimama hapo, maji yakimtiririka viganjani, meneja alipomjia na mnyororo mkononi.

"Mama, chaja ya huku inaletwa mwezi ujao. Geuza gari, tulirudishe hili jeupe."

Meneja akautua mnyororo miguuni pa Mama Gia, akaenda kwenye pikapu yake. Kule uwanjani mdogo wake alikuwa tayari ameketi nyuma ya usukani wa lori jeupe, vioo vimepandishwa, akitazama mbele.