Gemu la Golnush Linauliza Mara Moja

Katika Kerman nzima hakuna mwanamke aliyeua majoka mengi kuliko mimi. Yamefika arobaini na moja. Ingawa niseme ukweli kabla jirani yangu Bi Monir hajaupayuka yeye: zaidi ya nusu yalitumbukia shimoni yenyewe yakinikimbiza, na mimi wakati huo nilikuwa natafuta miwani.

Nina miaka sabini na miwili. Nilisoma mpaka darasa la tano, nikaolewa, nikazaa, nikafiwa, na sasa nacheza magemu. Aliyeniponza ni mjukuu wangu Golnush. Baba yake, mwanangu, anafanya kazi bandarini kule Bandar Abbas, na msichana alikuja kwangu kusoma chuo kikuu, akasema atakaa miaka minne. Huu ni wa nane. Mwaka wa kwanza nilikuwa namtazama tu akicheza. Wa pili nikaanza kumwelekeza: kushoto, kushoto, we kipofu, nyuma yako! Wa tatu akachoshwa na kelele zangu, akanitia pedi ya kuchezea mkononi.

Tangu hapo nimecheza kila alicholeta kwenye flashi, na sasa nimechoka. Kifundo cha mkono nakifunga kitambaa cha sufu. Macho yanatoa machozi bila huzuni yoyote. Lakini hayo ni ya mwili, yana dawa. Kilichochoka zaidi ni ile hamu.

Ya vita siyataki tena. Wanaoyatengeneza wanadhani king'ora ni muziki. Sisi tulivisikia vya kweli miaka minane ya vita na Iraki, na ndugu yangu Heshmat alipopigwa kule mpakani hakuamka tena pale mlangoni kama wale wa gemu, akiwa na afya tele na risasi thelathini. Lile la kwanza nililicheza nusu saa, nikainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ya kilimo yananichekesha. Unapanda leo, kesho kutwa unavuna, na ng'ombe hanyi. Mimi nimekulia kwenye mashamba ya pistachio huko Rafsanjan. Mti ule unaupanda ukiwa mchumba, unakuja kuula ukiwa unagombana na wakwe. Sasa nimalize kufagia ua wangu, nikae chini kufagia wa watu wasiokuwepo?

Na yale makubwa wanayoyasifu, yenye milima na farasi na dunia isiyokwisha! Kila kijiji kuna mtu amesimama anakungoja umtafutie mbuzi wake. Nchi inaungua, mfalme amerogwa, na mimi natumwa mbuzi kama mtoto wa miaka tisa. Nimewatafutia mbuzi wao wote. Hakuna hata mmoja aliyenikaribisha chai.

Ya mpira ndiyo yenye adabu. Yanakwisha.

Nilikuwa nimebakiwa na mapenzi na yale ya hadithi, yale ambayo hadithi inasimama inakungoja uchague: useme hivi au vile, umwokoe huyu au yule. Nayo yakanichosha. Ukimjibu mtu vibaya, yanatokea maandishi pale juu: atalikumbuka hili. Marehemu mume wangu hakuhitaji maandishi. Neno nililomwambia wiki ya harusi alilikumbuka mpaka mwaka wa kufa kwake, na usoni hakuonyesha kitu. Halafu unachagua wee, unatoka jasho, unamlilia yule uliyemwacha kwenye moto, kumbe njia zote zinakwenda kutokea kwenye uchochoro ule ule. Hadithi inakuuliza maoni yako, lakini ilishaamua. Watu wa namna hiyo ninao wa kutosha kwenye ukoo.

Basi Jumatatu iliyopita Golnush alikuja akasimama mbele ya televisheni, akaniziba.

"Bibi, limekwisha."

"Limekwisha au limekushinda?"

"Limekwisha."

Nikaweka pedi chini. Miaka miwili msichana huyu alikuwa akirudi kutoka kwenye taasisi anakofundisha kompyuta, anakula vijiko vitano, anahamia kona yake na kuandika gemu lake la hadithi. Sikuwahi kuliona. Nikichungulia, alikuwa anafunika skrini kwa mtandio.

"Kuna kampuni Tehran wanataka kuliona," akasema. "Jumamosi nawatumia. Wakilipenda wananichukua kazini, huko huko."

"Huko huko Tehran."

"Huko huko." Alikuwa anavuta uzi kwenye mkono wa sweta. "Lakini kwanza ulicheze wewe. Watu wetu unawajua, Bibi. Watanisifu wote, hata waliolala. Wewe hujawahi kulionea gemu haya. Ukisema ni bovu, silitumi."

"Na usipolituma?"

"Nabaki hapa, naendelea kufundisha watu pa kubonyeza."

Alipokuwa anavaa viatu kwenda kazini, akainua uso. "Bibi, nikienda, wewe utakuwa sawa?"

"Nenda, nenda!" nikasema. "Na mimi nipate kupumua."

"Haya," akasema. Akafunga mlango.

Haya! Nilibaki nimesimama na kitambaa cha vumbi mkononi. Maana kwetu neno la kwanza si jibu, ni salamu. Ukikaribishwa chai unasema hapana, asante. Unakaribishwa tena, unasema usijisumbue. Ya tatu ndipo unakunywa, na chai ilishamiminwa tangu ile ya kwanza. Mimi mwenyewe niliposwa mara tatu na mtu yule yule, nikakataa mara mbili, na gauni lilikuwa limeshashonwa. Golnush anayajua haya, nimemlea nayo. Lakini miaka minane ya kukaa na mashine zinazojibiwa ndiyo au hapana, sijui. Labda alisahau. Labda alitaka kusahau.

Jumanne asubuhi, baada ya kuleta mkate, nikaliwasha gemu lake.

Hakuna joka. Hakuna mbuzi. Wewe ni ajuza, na mjukuu wako anasafiri kesho, na kazi yako ni kumfungia mkoba. Ndivyo hivyo tu. Unazunguka nyumba yenye vyumba vitatu, unachagua cha kumpa: soksi za sufu, pistachio, kitana, picha, mtungi mdogo wa achari. Vyote havienei mkobani. Kila unachokitia, msichana anasema neno juu yake, na kila unachokiacha, hasemi, ila baadaye unamkuta amekishika. Nilianza kwa kucheka. Nikasema loo, saa nzima nafunga mkoba, hiki nacho ni kitu cha kumpa mtu mgeni acheze? Kisha nikatia achari, nikatoa soksi, nikarudisha soksi, nikatoa picha. Mkate ulikauka mezani. Saa tatu zilipita.

Mwisho mko mlangoni. Ajuza ameshika bakuli la buluu lenye maji ya kumwaga nyuma ya msafiri, ili arudi salama. Msichana anageuka na kuuliza: nikae? Yanatokea maneno mawili, NENDA na KAA.

Nikabonyeza NENDA, bila shaka. Nikangoja aulize tena.

Akaenda! Alibeba mkoba, akakata kona, maji yakamwagika, muziki ukapiga kidogo, basi. Mimi nimekaa na pedi mapajani nasubiri swali la pili.

Jumatano nikalicheza upya, nikidhani nilikosea kwenye mkoba. Nikampa picha badala ya achari. Mlangoni: nikae? NENDA. Akaenda. Alhamisi asubuhi tena, na soksi zote mbili, na kitana. NENDA. Akaenda. Baada ya sala ya adhuhuri nikakaa mara ya nne, mgongo unauma kama niliyebeba ule mkoba mwenyewe, na mlangoni kidole kikaenda pale pengine. KAA.

Msichana akasema, haya Bibi. Akavua viatu. Akakaa dirishani. Hakukuwa na muziki, wala maandishi ya kunilaumu. Picha haikuzimika, ilikaa vile vile, yeye anatazama nje, mkoba uko mlangoni umefungwa. Unaweza kungoja mpaka uchoke. Mimi nilingoja, nikachoka, nikazima mwenyewe.

Ni gemu zuri. Nimecheza miaka mitano na sijaona lililonishika koo namna ile. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu kabisa, kwa sababu nilijua hao wa Tehran nao wana koo.

Ijumaa tulikula mchana watatu, mimi, Golnush na Bi Monir, ambaye hunusa abgusht yangu, supu ya nyama na dengu, kutoka upande wa pili wa ukuta na kuja kuuliza kama nina chumvi. Tulikuwa tumeshakunywa mchuzi. Golnush alikuwa anatwanga nyama na dengu kwenye sufuria.

"Haya, Bibi," akasema, bila kuniangalia. "Nipe hukumu."

Nilikuwa nimelipanga jibu usiku kucha. Nikalisema.

"Nililala."

Mchi ukasimama. "Ulilala?"

"Nililala, mwanangu. Mkono unauma, nikakaa, nikaanza na hizo soksi, dakika kumi hazikufika nikasinzia. Jumatano nikajaribu tena, hivyo hivyo. Ni usingizi mzuri lakini. Sikuota chochote."

"We Eshrat!" Bi Monir akaniita kwa jina kama mtoto. "Msichana amepoteza macho yake miaka miwili, nawe unamwambia ni dawa ya usingizi?"

"Aliniomba ukweli. Ningemdanganya?"

"Mwache, Bi Monir," Golnush akasema. "Ndicho nilichomwomba." Hakulia. Heri angelia, ningekuwa na kazi ya kufanya. Alirudi kutwanga, polepole, akanipakulia mimi kwanza, akachagua kipande chenye mafuta ninachokipenda. "Jioni nitawaandikia kwamba sina kitu cha kuwatumia."

Basi nilikuwa nimeshinda. Msichana anabaki, viatu vyake vinabaki mlangoni, kelele zake za kibodi zinabaki kwenye kona. Nikatia tonge mdomoni. Lilikuwa kama kitambaa.

"Lakini niambieni na mimi," akasema Bi Monir, ambaye hawezi kuona shimo bila kutia kidole, "lilikuwa linahusu nini?"

"Ajuza anamfungia mjukuu wake mkoba," Golnush akamjibu.

"Maskini. Na mjukuu anaondoka?"

"Inategemea anayecheza. Anaamua mwenyewe."

"Anaamua nini?" nikadakia. Sijui nani alinisukuma. Nadhani ni uchovu, na mtu aliyechoka ulimi wake hauna mlinzi. "Anaamua nini, na swali lenyewe linaulizwa mara moja? Mara moja tu! Bibi wa watu anasema nenda, na huyo binti anabeba mkoba anakwenda, kama aliyetumwa chumvi dukani! Mtoto gani wa Kerman anamuuliza bibi yake mara moja? Hata muuza mboga ananiuliza mara mbili kama nataka giligilani!"

"Kweli hiyo," Bi Monir akasema. "Mara moja si kuuliza. Ni kuaga."

"Mweleze, Bi Monir, mimi hanisikii! Anatakiwa aulize, akataliwe. Aulize tena, akataliwe. Halafu aweke mkoba chini, aulize ya tatu akiwa ameukalia. Hapo bibi ndipo anajua anachokisema. Hapo hata akisema nenda, ni nenda ya kweli, anaweza kulala nayo. Lakini wewe unamfungia mlango usoni, ameshika bakuli la maji, yuko pale na bakuli lake la buluu kama..."

Golnush alikuwa ameweka mchi pembeni. Alinitazama vile anavyoitazama mashine inapogoma, kwa utulivu, akitafuta waya uliolegea.

"Bibi."

"Kula, chakula kinapoa."

"Swali lile liko mlangoni."

"Najua liko mlangoni."

"Mlangoni ni mwisho wa gemu. Toka kwenye soksi mpaka mlangoni ni mwendo wa saa tatu."

Bi Monir akaacha kutafuna. Nilimwona kwa pembe ya jicho, uso umeanza kumng'aa kama sikukuu imefika.

"Ulisema ulilala kwenye soksi," Golnush akasema.

"Nililala."

"Dakika kumi."

"Hazikufika."

"Na bakuli la buluu?"

Nikachukua kipande cha mkate, nikakitafuna muda mrefu kuliko kinavyostahili. Wakanisubiri, wote wawili, bila huruma.

"Nilisimuliwa," nikasema.

"Na nani, Bibi? Hajalicheza mtu mwingine."