Makinda Ukutani

Fundi mmoja wa kujenga, aliyeitwa Mwiko (ule wa kupakia saruji, maana miiko mingine hakuwa nayo mingi), alipewa kazi ya kuziba matundu ya hewa kwenye wodi ya wanawake. Mbayuwayu walikuwa wamejenga humo, na vinyesi vyao vilikuwa vimechafua baraza lote. Muuguzi mkuu alimwagiza waziwazi: "Toa viota vitupu, ziba. Ukikuta makinda, liache tundu hilo mpaka waruke."

Matundu matano yalikuwa matupu. La sita lilikuwa na sauti. Mwiko alipenyeza mkono hadi kwenye kiwiko, vidole vikagusa vitu vidogo, vyenye joto, vinavyotetemeka. Kuliacha maana yake ni kurudi na ngazi baada ya wiki mbili, na kulikuwa na mtu mwingine anayemsubiri kwa kazi. Ndege tu hawa, alijiambia. Akachota saruji, akaziba, akalainisha vizuri kuliko matundu mengine yote.

Chini ya tundu hilo, upande wa ndani, alilala mama mmoja mshonaji nguo, mguu wake umo kwenye plasta hadi pajani. Aliita kupitia dirishani.

"Fundi mwenzangu!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Humo mna makinda. Umewatoa?"

"Nimewatoa, mama. Nimewahamishia kwenye mti kule nyuma."

"Afadhali. Ningekuja kuwaona, lakini ndiyo hivyo, nimefungwa hapa."

Mwiko alilijua hilo. Ndiyo maana uongo ulimtoka kirahisi.

Asubuhi yake alirudi kupaka rangi. Mbayuwayu mmoja alikuwa akijigonga kwenye saruji mpya, anazunguka, anarudi, anajigonga tena, mdomoni ameshika mdudu. Mwiko aliihamishia ngazi upande wa pili wa dirisha ili asimwone. Hapo ndipo aliposikia mazungumzo ya ndani.

"Hajalala," muuguzi wa zamu alikuwa akisema. "Anadai ndege wanalia ukutani. Nimemwambia fundi alishawatoa, hasikii."

"Ni hizo dawa za maumivu," alijibu muuguzi mkuu. "Daktari akija azipunguze. Na mwanawe apigiwe simu, aje amwone mama yake."

"Sijachanganyikiwa mimi!" mshonaji alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Au labda nimechanganyikiwa. Maana sasa hivi siwasikii tena."

Mwiko aliteremka. Aliingia wodini na viatu vyake vyenye saruji, kofia mkononi, akasimama katikati ya vitanda.

"Hajachanganyikiwa," alisema. "Wamo. Niliwaziba nikijua wamo."

Wagonjwa walimtazama kuanzia viatu hadi utosini. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Unangoja nini?" muuguzi mkuu alisema. "Kabomoe!"

Alibomoa kwa patasi, halafu kwa kucha. Walikuwa wanne. Watatu walikuwa wamekufa, shingo zimelegea. Wa nne, vidole vilipomfikia, alipanua mdomo wake wa manjano kwa nguvu zote zilizombakia, akidhani ni chakula kinakuja. Hilo lilimchoma Mwiko kuliko wale watatu.

Alimwacha kiotani, akawashusha wafu ndani ya kofia. Alikuwa akielekea nyuma kuwafukia, mshonaji alipomwita.

"Nionyeshe."

Alimwonyesha. Mama yule aliwatazama mmoja mmoja.

"Mimi uliniongopea, na hilo nitakusamehe. Mambo ya watu hayo. Lakini hawa? Sisi ndio wenye mikono, fundi. Sisi ndio wenye ngazi na saruji. Wao walikuwa na nani zaidi yetu?"

Mwiko aliikunja kofia juu yao, akaenda kuwafukia.

Alasiri, akikusanya vifaa, alimwambia muuguzi mkuu kwamba lile tundu atarudi kuliziba ndege akisharuka, na wakaguzi wa afya wakiuliza kwa nini bado liko wazi, waelekezwe kwake. Muuguzi mkuu aliitikia kwa kichwa bila kumtazama.

"Fundi!" mshonaji aliita kutoka kitandani. Uso wake ulikuwa umechangamka. "Mama yake amerudi! Amemlisha mara kumi na moja tangu ubomoe. Njoo usikilize, wanavyopiga kelele!"

Mwiko alifika hadi mlangoni. Akasema mikono yake ni michafu, akaondoka.